Usilipe Kabla Hujaivuta: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Unapojaribu Zuumu ya Kamera ya Mfukoni

Kamera ndogo za dijitali zimeanza kutafutwa upya, hasa na vijana waliochoshwa na picha za simu. Lakini viwanda haviziachii tena kwa wingi kama zamani. Mwaka 2010 zilisafirishwa zaidi ya milioni 100 duniani kote. Mwaka 2023 hazikufika milioni 2. Kwa hiyo nyingi utakazowekewa juu ya kaunta, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, zimeshatumiwa na mtu mwingine. Zimelala kwenye mkoba wenye makombo, zimekwenda ufukweni, zimeanguka na kufutwa vumbi. Na kwenye kamera ya mfukoni, kiungo kinachoumia kwanza ni kile kinachotoka na kuingia kila inapowashwa, yaani lenzi ya zuumu.

Masharti yafuatayo ni ya mtu anayetaka kutoa fedha zake. Hayana "ikiwezekana" wala "kama una nafasi". Msingi wake ni mmoja: zuumu hupimwa kwa kitu ambacho ukubwa wake unaujua, kamera ikiwa imetulia, na hukumu hutolewa mbele ya kompyuta. Picha ya ndege mzuri juu ya mti haithibitishi kitu.

KWANZA: NAMBA

Soma ukingo wa lenzi kabla ya kusoma sanduku. Kuzunguka kioo cha mbele pameandikwa namba mbili za milimita. Kwenye Panasonic Lumix TZ70 ya mwaka 2015, kwa mfano, ni 4.3 na 129. Gawanya kubwa kwa ndogo, unapata 30. Hiyo ndiyo zuumu halisi, ile inayofanywa na kioo chenyewe. Sanduku au muuzaji akikuambia mara 60 au mara 120, kilichozidi hapo ni kazi ya programu.

Usinunue "mara". Mara 10 ni uwiano kati ya mwanzo na mwisho wa lenzi. Hausemi lenzi inafika wapi. Lumix TZ1 ya mwaka 2006 ilikuwa na zuumu ya mara 10, kuanzia 35 hadi 350 kwa kipimo cha filamu ya milimita 35. TZ7 ya mwaka 2009 ilikuja na mara 12, lakini ilianzia 25 na kuishia 300. Namba ya tangazo ilipanda, ufikaji ukashuka. Uliza siku zote: inaanzia ngapi, inaishia ngapi? Anayekujibu kwa "mara" hajakujibu.

Zima zuumu ya dijitali kabla ya kupiga hata picha moja. Zuumu ya dijitali haivuti chochote. Inakata sehemu ya katikati ya picha na kuikuza. Ukivuta mara 2 kwa dijitali, pikseli milioni 20 zinabaki milioni 5. Ukivuta mara 4, unabaki na milioni 1 na robo, na zinazojazia nafasi ni za kubuni. Ingia kwenye menyu uizime. Ukishindwa kuipata, tazama mstari wa zuumu unaojitokeza kwenye skrini: kwenye kamera nyingi za Canon PowerShot, sehemu nyeupe ni kioo, ya njano na ya buluu ni dijitali. Ishia penye nyeupe.

Usichukue megapikseli kuwa ushahidi wa zuumu. Lumix TZ60 ya 2014 ilikuwa na megapikseli 18. TZ70 iliyoifuata ilikuwa na 12, na lenzi zote mbili zinatoka 24 hadi 720 kwa kipimo kilekile cha filamu. Kiwanda chenyewe kilipunguza. Kihisi cha kamera hizi kina upana wa milimita 6 tu. Ukikisongamanisha pikseli nyingi, kila moja inapata mwanga haba, na picha ya mbali hutoka na chengachenga.

PILI: DUKANI

Nenda na vifaa vyako. Beba memori kadi mbili, moja ya GB 2 na moja kubwa zaidi, kwa sababu kamera nyingi za kabla ya mwaka 2006 hazisomi kadi inayozidi GB 2. Beba gazeti la siku hiyo, simu yenye tochi, na mfuko wa mchele wa kilo moja. Sababu za gazeti na mchele utaziona. Tena dai betri iliyojaa chaji. Betri dhaifu huifanya lenzi nzima ikwame njiani, na muuzaji mjanja naye husingizia betri pale ambapo kilichochoka ni mota.

Sikiliza. Iwashe kamera karibu na sikio. Lenzi yenye afya hutoka kwa mlio mmoja laini, mwanzo sawa na mwisho. Ukisikia kukwaruza, huo ni mchanga. Ukisikia kitu kinadunda tiktiki kila inapofika mahali palepale, gia ina jino bovu. Lenzi ikitoka nusu, ikasita, ikarudi ndani na kuleta ujumbe wa hitilafu, imekwisha. Kuizima na kuiwasha tena mpaka ikubali ni kuahirisha msiba. Rudia jaribio hilo kamera ikiwa imelala, ikiangalia juu, na ikiangalia chini, maana mota iliyochoka hukubali kushuka ikakataa kupanda. Kisha vuta hadi mwisho na uiguse ncha ya lenzi kwa vidole viwili, taratibu. Kucheza kidogo ni kawaida. Kulegea na kuinamia upande mmoja si kawaida. Tazama pia vile vifuniko vidogo vya mbele: vifunguke vyote kwa pamoja, kisibaki kimoja kimesinzia kama kope la mlevi.

Usiisaidie lenzi kwa mkono. Na muuzaji asiisaidie. Kamera inayohitaji kupigwa kofi au kuvutwa ndipo itoke, irudishe kwenye kabati bila kuuliza punguzo. Punguzo la kitu kibovu ni hasara iliyopunguzwa, si faida.

Tafuta vumbi na kuvu. Lenzi hizi zinapotoka huvuta hewa, na hewa huingia na vumbi lake. Vuta hadi mwisho, elekeza kwenye ukuta mweupe au mbingu tupu, piga. Rudi mwanzo, piga tena. Madoa ya kijivu yanayokaa palepale kila picha ni vumbi lililotua juu ya kihisi, na hujidhihirisha zaidi zuumu ikiwa mwisho kwa sababu mwanga hupenya kwenye tundu dogo. Kamera ya lenzi ya kubadilisha ungeipuliza ukamaliza. Hii ya mfukoni lazima ifunguliwe yote, na fundi anayejua kuifunga tena kama ilivyokuwa ni adimu. Halafu mulika tochi ya simu kwenye kioo kwa pembe. Nyuzi nyembamba zilizotapakaa ndani ni kuvu. Kwa Mombasa, Tanga, Unguja na popote penye unyevu wa bahari, sharti hili halirukwi.

Piga gazeti. Fungua ukurasa wa matangazo ya zabuni, ule wenye maandishi madogo yaliyobanana, uubandike ukutani ukiwa umelala kwa ubavu, bila mkunjo. Simamisha kamera sambamba nao, ukurasa ujaze fremu. Piga zuumu ikiwa mwanzo, kisha katikati, kisha mwisho, ukirudi nyuma kila unapovuta. Kwa lenzi inayoishia 720 utarudi mita 8 hivi. Omba nafasi kwenye korido. Kinachotafutwa ni pembe nne za ukurasa. Zote nne zikilegea kidogo kwa usawa, hiyo ndiyo tabia ya lenzi ndogo. Pembe tatu zikisomeka na moja ikawa ukungu, kioo kimepinda ndani. Kamera hiyo imewahi kuanguka, hata kama mwili wake unang'aa.

Usiamini skrini ya kamera. Skrini ya kawaida ya inchi 3 haina hata nusu milioni ya pikseli, wakati picha ina milioni 12 au 20. Kila picha hupendeza pale. Muuzaji anajua hivyo, ndiyo maana anataka umalize mambo palepale. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

TATU: UWANJANI

Toka nje. Duka halina umbali, na zuumu ni habari ya umbali. Mwambie muuzaji mfuatane mpaka barabarani. Akikataa kwa sababu za usalama wa mali yake, mpe dhamana ya fedha, akuandikie. Akikataa hata hivyo, jibu umelipata.

Fanya jaribio asubuhi, duka linapofunguliwa. Jua likishapanda, lami, mabati na mchanga hutoa hewa ya moto inayochezacheza, na lenzi ndefu huikuza hewa hiyo pamoja na kitu unachokipiga. Mchana wa Dar es Salaam hakuna kioo duniani kitakachokupa picha safi ya kitu kilicho mwisho wa barabara. Wanaojaribu zuumu saa nane mchana wanapima joto.

Tuliza kamera. Weka mfuko wa mchele juu ya ukuta mfupi au boneti ya gari lililozimwa injini, ulaze kamera juu yake, uikandamize mpaka ikae. Weka kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kiwe kimeshaondoka picha inapopigwa. Zuumu ikiwa mwisho, hata kubonyeza kitufe kunaitikisa kamera ya gramu mia mbili na kitu.

Piga kitu unachokijua. Lenzi inayoishia 720, ukisimama mita 100, huona upana wa karibu mita 5. Ikiwa mwanzo, kwenye 24, huona karibu mita 145. Sasa tafuta gari dogo la kawaida, Toyota Corolla kwa mfano, lililoegeshwa ubavu wake ukikutazama. Urefu wake ni mita 4 na nusu hivi. Kwa umbali huo linapaswa karibu kuijaza fremu yote. Lisipoijaza, ama lenzi haifiki mwisho wake, ama namba uliyoambiwa ni ya uongo. Kisha tafuta gari jingine lililo umbali huohuo, limekuelekea kwa mbele: namba zake lazima zisomeke herufi kwa herufi, maana kila pikseli hapo inabeba kama milimita moja tu ya kile unachokipiga. Zisiposomeka asubuhi, kamera ikiwa juu ya mchele, kuna ubovu.

Piga hatua tatu, na kila hatua mara tatu. Mwanzo, katikati, mwisho, bila kuhama uliposimama. ISO iwe ya chini kabisa, 80 au 100, na picha ziwe za ukubwa kamili. Picha moja haitoshi kuhukumu, kwa sababu fokasi huweza kukosea mara moja na kupata mara ya pili. Ikikosea zote tatu, si bahati mbaya tena.

Usipige kupitia kioo cha dirisha, wala usiwashe flashi. Kioo cha basi au cha ofisi ni lenzi nyingine mbovu iliyowekwa mbele ya yako. Flashi ya kamera ya mfukoni hufika mita chache tu. Ukiiwasha kwa kitu cha mita 100 unachopata ni mng'ao wa vumbi lililo mbele yako.

Baada ya mchele, ishike mkononi. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema kasi ya shata isipungue namba ya lenzi: kwa 720, sehemu moja ya 720 ya sekunde. Kituliza mtikisiko ndicho kinachokuruhusu kushuka chini ya hapo. Kukijaribu, ingia kivulini ambapo shata inashuka hadi 1/100 hivi, piga picha kumi kikiwa kimewashwa na kumi kikiwa kimezimwa. Usifanye jaribio hili juani, kwa sababu shata itakuwa na kasi kubwa na picha zote zitatoka safi, kituliza kiwe kizima au kimekufa. Mafungu mawili yakilingana kivulini, kituliza hakifanyi kazi.

Vuta ukiwa unarekodi video. Kamera nyingine hufunga zuumu mara video inapoanza. Nyingine huvuta, lakini mota inasikika kwenye rekodi kuliko bwana harusi anayehojiwa. Nyingine zinapoteza fokasi na kuitafuta kwa sekunde kadhaa. Kama kazi yako ni sherehe, sharti hili ni la kwanza, si la mwisho.

Usiutumie mwezi kulinganisha kamera na simu. Mwaka 2023 kulikuwa na mabishano makubwa kuhusu picha za mwezi za simu za Samsung, na kampuni yenyewe ilieleza kwamba programu yake huutambua mwezi na kuongeza undani. Simu ya namna hiyo inakuonyesha mwezi inaoujua. Kwa kamera peke yake mwezi unafaa: kwenye 720, mwezi mpevu huchukua kama robo ya urefu wa fremu. Shusha mwanga wa picha, la sivyo utapata sahani nyeupe na hutaona hata bonde moja.

NNE: ADABU

Usimwelekeze mtu lenzi bila yeye kujua. Macho hayana pazia, ndiyo, lakini wewe si jicho, wewe ni mtu mwenye kamera inayoona chumbani kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Madirisha, nyua za watu, wanawake barazani na watoto wa shule si vitu vya kupimia zuumu. Magari yaliyoegeshwa, mabango na nguzo za umeme vimejaa kila mtaa.

Usiijaribie zuumu kwenye kambi ya jeshi, Ikulu, kituo cha polisi au bandarini. Yako maeneo ambayo sheria inakataza kuyapiga picha, na askari wa lindo hatapenda maelezo yako kuhusu milimita 720. Kamera itachukuliwa kabla hujaijua vizuri, na wewe pamoja nayo.

Usiielekeze kamera kwenye jua. Lenzi ndefu hukusanya jua na kulimwaga kwenye kihisi. Machweo jua likiwa jekundu limegusa maji ni jambo jingine. Jua la saa nne ni kuichoma kamera. Kama ina kitundu cha kuchungulia chenye kioo kitupu, utalichoma na jicho.

TANO: HUKUMU

Hamishia picha kwenye kompyuta, uzikuze mpaka asilimia 100. Hapo pikseli moja ya picha inakuwa pikseli moja ya skrini, na hakuna pa kujificha. Kama huna kompyuta, nenda studio au kwenye duka la kuchapisha picha, uombe dakika kumi. Gharama yake haifiki robo ya majuto.

Soma taarifa zilizofichwa ndani ya picha. Kila picha ya dijitali hubeba rekodi ya milimita, shata na ISO. Kwa lenzi ya 4.3 hadi 129, picha ya mwisho wa zuumu lazima iandikwe 129. Ikiishia 110, lenzi haimalizi safari yake. Taarifa zikionyesha kuwa zuumu ya dijitali imetumika, jaribio zima ni batili. Rudia.

Jua ukungu unatoka wapi kabla ya kulaumu. Picha iliyokokotwa kuelekea upande mmoja, taa zimegeuka vistari, imetikiswa. Mistari iliyonyooka ikitoka kama mawimbi, hiyo ni hewa ya moto. Gari likiwa na ukungu huku ukuta wa nyuma yake ukiwa safi, fokasi imekosea. Undani ukiwa umepakwapakwa kama rangi ya maji, ISO ilikuwa juu na programu imefuta chengachenga pamoja na ukweli. Kila picha ikiwa safi kushoto na ukungu kulia, kioo kimepinda. Manne ya mwanzo huweza kurekebishwa na mpiga picha. La mwisho halirekebishwi na yeyote kwa bei inayoeleweka.

Usidai kisichowezekana. Lenzi ya TZ70 ikiwa mwanzo tundu lake ni f/3.3, ikifika mwisho ni f/6.4. Mwanga unaoingia umebaki kama robo. Tena tundu linapobana kiasi hicho, mwanga wenyewe hupinda kwenye kingo zake, na nukta moja ya nje huenea juu ya pikseli kadhaa za kihisi kidogo. Hiyo ni fizikia, si ubovu wala si ulaghai wa muuzaji. Kwa hiyo picha ya mwisho wa zuumu italegea kidogo ikilinganishwa na ya mwanzo, hata kwenye kamera mpya iliyotoka kwenye nailoni leo. Ulegevu ulioenea kwa usawa, ukubali. Ulegevu wa upande mmoja, ukatae.

Amua. Mlio wa kukwaruza, pembe moja yenye ukungu, kuvu ndani ya kioo, madoa ya vumbi kwenye kihisi, lenzi isiyofika mwisho: lolote kati ya hayo likiwepo, usijadili bei. Yasipokuwepo hata moja, usizungushe maneno wala usirudi "kesho kutwa". Lipa, dai risiti yenye namba ya kamera na muda wa kurudisha kitu kibovu, na picha za jaribio uzihifadhi pamoja na risiti hiyo. Muuzaji akija kusema lenzi ilipinda mikononi mwako, mwonyeshe ukurasa wa zabuni wenye pembe nne zinazosomeka na tarehe ya siku uliyonunua.